Nilimficha Koko Nsimire Kifo cha Mwanawe

Nina miaka thelathini na sita, ni mama wa watoto wawili, naishi Kadutu hapa Bukavu. Ukikutana nami sokoni utaona mwanamke wa kawaida, kitenge safi, salamu kwa kila mtu. Hutajua nilichofanya. Ndiyo maana naandika, kwa sababu kuyasema kwa mdomo nimeshindwa... Hata kwa padri nilisema nusu tu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa simu. Msicheke! Chama kimoja kidogo cha hapa mjini kilipata simu janja za kuwagawia wazee wa vijijini, wale ambao watoto wao wametawanyika Kinshasa, Lubumbashi, Kampala, wengine hadi Ulaya. Wazee wamebaki na mashamba ya maharagwe na upweke. Mimi nilipewa kilima kimoja juu ya Nyangezi. Kila Alhamisi nilishuka garini pale barabarani, nikapanda kwa miguu mpaka kwenye chumba cha katekisimu, na wazee wangu walikuwa tayari wameketi kwenye mabenchi, kila mmoja na simu yake imefungwa ndani ya kitambaa kama yai.

Niliwapenda wale wazee, jamani! Vidole vyao vimekaushwa na jembe, kioo cha simu hakivitambui. Mtu anagusa, anagusa tena, simu kimya. Niliwafundisha kulowesha kidole kwenye kitambaa chenye maji, lakini wengine waliona mate yanafanya kazi upesi zaidi. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila akipigiwa video aliiweka simu sikioni, na binti yake kule Kampala kwa muda mrefu hakuona chochote ila sikio la baba yake.

Wengi wao hawakusoma. Basi nikabuni njia yangu, na niliionea fahari sana. Niliwaambia wasihangaike na herufi. Kila ndugu ana picha yake pembeni ya jina. Tafuta sura, gusa sura, huyo ndiye utakayeongea naye. Niliwafanya warudie kwa pamoja kama watoto wa shule: "Sura njo mutu!" Sura ndiyo mtu. Kilima kizima kilisikia.

Mwanafunzi wangu mpenzi alikuwa Koko Nsimire. Huku kwetu bibi na babu tunawaita koko. Alikuwa mjane, mwembamba, mkali kidogo, na hakukubali nimguse mkono ili kumwongoza. Alitaka ajue mwenyewe. Kitindamimba wake, Bisimwa, alikuwa fundi wa magari Lubumbashi. Aliondoka kijana, akaoa huko, akazaa huko, na safari ya kurudi ikawa ndoto. Lubumbashi ni nchi hiihii kwenye ramani, lakini mwulizeni mtu wa Bukavu asiye na tiketi ya ndege!

Siku ya kwanza nilipomwonyesha Bisimwa kwa video, Koko Nsimire alisimama wima, akafunga upya liputa yake, kitenge cha kiunoni, akamwuliza kama amekula. Bisimwa alicheka mpaka akalia. Tulilia sote darasani, hata mimi mwalimu.

Tangu hapo Bisimwa alimtumia sauti kila siku, kwa Mashi, lugha yetu. Hazikuwa na jambo kubwa. Anamsalimia, anamtania kuhusu mbuzi wake mtoro, anamwuliza mvua. Mama mtu alizifungua akichagua maharagwe, akazirudia na kuzirudia, majirani wakazijua kwa kichwa. Alikuwa na mtoto wake tena! Na mimi ndiye niliyemrudishia. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Mkuu wa chama chetu alikuwa papa Murhula, na huyo papa Murhula ni mtoto mkubwa wa Koko Nsimire. Ndiye aliyenipa kazi. Siku moja, Jumatatu, aliniita ofisini, akafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia Bisimwa amefariki hospitalini, ugonjwa wa ghafla, hata ndugu hawakujua kama amelazwa.

Niliketi chini. Swali langu la kwanza lilikuwa kama mama anajua.

"Bado," alisema, akihofia presha ya mama yake. "Maman iko na tension. Kifo haisemwaka mu telefone, unajua. Tunangoja noko atoke Mwenga, tupande wote, tuikale naye, tumuambie pole pole."

Ninyi wa huku mnaelewa. Habari ya msiba kwetu inaletwa na watu wazima, kwa miguu, na inakaa kwanza kwenye kiti. Mjomba wa marehemu, noko, ndiye anayeisema. Kuipata peke yako kwa simu ni kama kupigwa ukiwa umelala. Papa Murhula hakuwa mtu mbaya. Alifanya kama baba zake walivyofanya. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara ya Mwenga, na mjomba asingefika kabla ya Jumapili. Maziko yalikuwa Jumamosi, kulekule Lubumbashi.

"Ile simu yake iko mu mikono yako, Noëla," aliniambia. "Uzime mambo yote mpaka tufike. Wewe uko kama mutoto wa nyumba."

Mtoto wa nyumba! Lile neno liliniingia vizuri, naona aibu kulisema. Niliaminiwa siri ya familia kubwa. Sikuuliza kama mama mtu angependa. Sikuuliza chochote. Nilisema ndiyo, papa.

Siku iliyofuata nilikwenda kijijini. Nikiwa bado napanda kilima, sauti iliingia kwenye simu yangu mwenyewe. Ilikuwa ya Esther, mjane wa Bisimwa, aliyenijua kwa sababu ya yale masomo. Alikuwa akilia. Alidhani mama ameambiwa tayari; alisema Jumamosi, kabla ya kufunga sanduku, watamfungulia mama video, amwone mtoto wake, amwambie maneno yake ya mwisho. Alinisihi niwe karibu naye siku hiyo, nimshikie simu.

Nilisimama njiani, nikaisikiliza hadi mwisho. Nilijua kabisa nilikuwa nikiombwa nini. Lakini mkuu wangu alikuwa amesema vingine... Nikajiambia nitamjibu Esther kesho. Sikumjibu kesho wala siku nyingine.

Koko Nsimire alishangaa kuniona siku isiyo ya masomo, akafurahi. Aliweka viazi vitamu motoni. Nilimwomba simu nikidai naisafisha. Nikamtoa kwenye kundi la familia, nikazima intaneti, nikamwambia reseau, yaani mtandao, ya kilima chote inasumbua. Alinitazama kidogo, akasema, "Basi, tutangoja." Kisha akanimenyea kiazi kwa mikono yake. Nilikila. Mungu wangu, nilikila chote!

Alhamisi nilifika darasani nikiwa na roho nzito, lakini nikiamini mambo yako salama. Kumbe nilikuwa nimemdharau mwanafunzi wangu mwenyewe. Ile alama ya mishale miwili, ya kuwasha intaneti, niliwafundisha mimi. Yeye hakuwa ameisahau. Alikuwa amechoka kungoja reseau, akaiwasha.

Na kule kwa ndugu mnajua ilikuwaje. Mtu akifa, kila mmoja wa ukoo anaweka picha ya marehemu mahali pa picha yake. Shangazi aliweka sura ya Bisimwa. Binamu wakaweka sura ya Bisimwa. Esther, wajukuu, hata papa Murhula mwenyewe bila kufikiri, wote waliweka sura ya Bisimwa, amevaa shati jeupe, anatabasamu.

Koko Nsimire alinijia na simu imeinuliwa juu, uso unang'aa.

"Madame, angalia! Bisimwa iko fasi yote! Mutoto wangu amejaa mu simu muzima!"

Wazee wote wakaja kutazama. Walicheka, wakapiga makofi. Mmoja akasema huyu sasa amekuwa mtu mkubwa, labda amekuwa député bungeni, ndiyo maana picha yake iko kila mahali. Koko Nsimire alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akaniuliza, kwa akili safi kabisa, agonge sura ipi ili apate Bisimwa wa kweli.

Wasomaji, ile ilikuwa nafasi yangu. Mungu aliniwekea mlango wazi mbele ya macho. Ningeweza kumshika mkono, kumtoa nje, kumketisha chini. Ningeweza kumwita katekista. Ningeweza hata kukaa kimya nikalia, angeelewa! Na Jumamosi angekuwa pale, angemwona mtoto wake, angemwambia neno lake.

Badala yake nilisema simu imepata virusi.

Nilisema ni ugonjwa wa simu, unaeneza picha moja kila mahali, na dawa yake ni kufuta. Alinipa simu bila wasiwasi. Nilifuta shangazi, nikafuta binamu, nikafuta Esther. Kila nilipofungua niliona ile sura, lile tabasamu... Nilitaka tu isiwepo tena. Nilibonyeza yote kwa mkupuo, nikazima intaneti tena, nikamrudishia.

"Amepona?" aliuliza, kama vile simu ni mtoto mgonjwa.

Nikasema amepona. Nikaendelea na somo.

Jumamosi nilibaki Kadutu, nafua nguo. Nilifua hata zilizokuwa safi. Yaliyotokea kilimani alinisimulia jirani yake, mama mzee aliyekuwa naye tangu mwanzo hadi mwisho.

Koko Nsimire alikuwa shambani, simu kwenye pindo la liputa. Alikuwa amewasha tena ile mishale, kwa hamu ya kumsalimia mwanawe. Simu ilitetemeka, lakini kabla hajaitoa ikanyamaza. Alipotazama, aliona sura ya Bisimwa. Bisimwa amepiga! Bisimwa mwenyewe anamtafuta!

Ilikuwa Esther. Nilikuwa simjibu, basi akaamua kumpigia mama moja kwa moja.

Mtu mwingine angebonyeza palepale. Lakini huyu ni Koko Nsimire, hawezi kuongea na mwanawe kwa video akiwa na matope. Alitoka shambani, akaita jirani zake waje wamsalimie Bisimwa. Akanawa uso. Akajipaka mafuta. Akavaa liputa ya Pasaka na kilemba chake. Akatoa kiti nje penye mwanga mzuri, kama nilivyomfundisha, akalowesha kidole, akaigusa ile sura.

Video ilifunguka. Simu ya Esther alikuwa ameishika msichana mmoja wa familia, kazi yake kuwaonyesha maziko ndugu walio mbali. Msichana hakujua nani ameambiwa, nani hajaambiwa. Aliona koko anapiga, akageuza simu imwonyeshe.

Alionyesha udongo mpya. Watu wamesimama. Vijana wanapigapiga kaburi kwa majembe. Na msalaba wa mbao umekwishasimikwa, juu yake picha ya Bisimwa na lile shati jeupe.

Jirani anasema Koko Nsimire hakupiga kelele mara moja. Alisogeza simu karibu na macho. Kisha akaanza kusema, sauti yake ikipanda: "Mufungue... Mufungue kidogo! Sijamuona! Mimi njo mama yake, mufungue!" Kule hawakumsikia, walikuwa wakiimba. Alisema hivyo mpaka simu ikakatika yenyewe.

Jumapili tulipanda kilima. Papa Murhula, mjomba aliyefika kutoka Mwenga, muuguzi na kipimo chake cha tension, na mimi mtoto wa nyumba. Hakuna aliyetupigia kutuonya. Koko Nsimire alikuwa amewakataza majirani.

Tulimkuta ameketi chini kwenye mkeka. Viti vyake vyote aliviweka kwa ajili yetu. Tulisalimiana. Mjomba aliuliza shamba, akauliza mbuzi, akauliza mvua, kama inavyotakiwa. Kisha akaanza kuizunguka habari. Akasema Bisimwa alipata homa kidogo. Yeye akaitikia kwa kichwa. Akasema homa ikazidi, wakampeleka hospitali. Akaitikia. Akasema waganga walihangaika sana...

"Muendelee," Koko Nsimire alisema. "Mumuuwe pole pole. Mimi nilimuzika jana. Mu hii."

Akaiweka simu juu ya mkeka, katikati yetu.

Papa Murhula alishuka kwenye kiti, akapiga magoti, akalia kama mtoto. Mama yake alimwekea mkono kichwani, kwa sababu ni mwanawe. Lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Madame, wewe ile siku ya masomo, ulikuwa unajua?"

Nilitamani papa Murhula aseme ni yeye aliyenituma. Aliendelea kulia. Na hata angesema, ingenisaidia nini? Kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Nilijibu ndiyo, koko, nilikuwa najua.

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alisukuma simu kwangu taratibu.

"Basi unifungulie sauti yake. Nimusikie tu."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ile nilipobonyeza yote kwa mkupuo... nilifuta hata mazungumzo ya Bisimwa mwenyewe. Salamu zote, mizaha yote ya mbuzi, kicheko chote. Nilitafuta huku nikijua hakuna. Nikageuza kioo upande huu na ule. Wote walikuwa wananingoja, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa tayari kusikiliza.

Ilinibidi niseme kwa kinywa changu kwamba nimezifuta.

Akauliza kama nikifika Bukavu naweza kuzirudisha, maana mimi ni mwalimu. Nilijaribu, Mungu ni shahidi wangu. Nilikimbia kwa mafundi wa simu wote ninaowajua. Nilimpigia Esther, nikamwomba atazame kwenye simu ya marehemu. Akaniambia simu ya Bisimwa iliibwa hospitalini, siku aliyozidiwa.

Na Esther akaniambia jambo moja zaidi, bila hasira, amechoka tu. Aliniambia Jumamosi ile waliliacha sanduku wazi kwenye jua, padri anangoja, watu wananung'unika, kwa sababu yeye alikuwa ana hakika mama atapiga. Walifunga walipoona hakuna namna. Kwa hesabu yangu, ndipo Koko Nsimire alipokuwa akitoka shambani, akiita jirani zake.

Tangu siku ile darasa lilikufa. Sikufukuzwa. Papa Murhula aliniambia nipumzike kidogo, nitapewa kilima kingine. Nilijaribu kurudi Alhamisi moja. Mabenchi yalikuwa matupu, isipokuwa yule mzee wa sikio. Alikuja na simu yake, lakini aliishika kwa mikono miwili, hakunipa. Aliniuliza kwa upole binti yake wa Kampala ni mzima kweli, au na yeye nimemficha. Nilimpigia binti palepale, akamwona, akamsemesha. Hata hivyo alimwuliza binti mara kadhaa: "Ni wewe? Ni wewe kweli?"

Niliacha kazi. Nawezaje kuwafundisha watu kuamini kitu ambacho mimi mwenyewe nilikitumia kuwadanganya?

Kwa Koko Nsimire nilikwenda kuomba msamaha, na sukari na sabuni kama tunavyofanya penye msiba. Alinipokea. Alinipa kiti, akanipikia. Tuliongea maharagwe na bei ya chumvi. Nilipoanza kusema lile lililonileta, alisimama akaenda kutazama mbuzi, akakaa huko mpaka nikaelewa. Nimekwenda tena, na tena. Ni vilevile. Simu yake ameifungia ndani ya sanduku la nguo, na tension yake, ile iliyotutisha sisi sote, haijambo.

Tuliogopa habari itamwua. Haikumwua! Mama aliyezaa, aliyezika mume, aliyekimbia vita na watoto mgongoni, sisi tulimwona ni dhaifu kuliko sisi. Kumbe hatukuwa tunamlinda yeye. Tulikuwa tunajilinda na kilio chake.

Nawasihi, ninyi mnaoshika simu za wazee wenu. Mnawafungulia, mnawafungia, mnawafutia, na wao wanawapa kwa mikono miwili bila kuuliza. Msije mkajifanya mlango wa kuamua lipi liingie na lipi libaki nje. Kama desturi inataka mjomba aseme, mleteni mjomba hata kwa pikipiki, hata kwa miguu, lakini kabla ya maziko. Na kama hafiki, ketini ninyi na mzee wenu, mshikeni, mwambieni, halafu mshikieni simu aagane na mtu wake.

Atalia, ndiyo. Mwacheni alie siku ile wanayolia wenzake. Mimi nilimnyima mama mmoja siku hiyo, na hakuna fundi Bukavu nzima anayeweza kumrudishia.